Mafuta ya Turkana hayatashusha bei ya petroli Changamwe

Hotuba kwa madereva wa tuktuk, waendesha boda na wavuvi, Changamwe, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mlioegesha tuktuk hapo nje na kuacha abiria wa saa kumi wapite, ahsanteni. Najua saa moja ya kukaa hapa mnailipia wenyewe, kwa hiyo naingia kwenye jambo moja kwa moja.

Nimekuja na daftari. Ni la kijana mmoja niliyemfundisha ufundi wa magari chuoni, kisha akaamua kuendesha tuktuk hapa hapa Changamwe. Ameniruhusu nisome ukurasa mmoja, ila jina lake nisilitaje. Ukurasa wenyewe ni wa Oktoba 2023. Mwezi ule petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita, na sisi tulio mlangoni pa bahari tukapunguziwa shilingi tatu hivi. Amepiga mistari akapata safu tatu: mafuta, tajiri mwenye tuktuk, nyumbani. Jumatatu: mafuta 1,070, tajiri 1,000, nyumbani 430. Jumanne: mafuta 1,070, tajiri 1,000, nyumbani 250. Jumatano: mafuta 1,070, tajiri 1,000, na kwenye safu ya nyumbani amechora kistari. Alhamisi, kistari tena.

Nilipomuuliza kile kistari kina maana gani, aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni siku niliyowafanyia kazi wengine."

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza watu wanavyobishana kuhusu bei ya mafuta, kwenye matatu, kwenye mabaraza ya kahawa, msikitini baada ya sala. Nasikia kambi mbili. Wako wanaosema tuna mafuta yetu Turkana, tuyachimbe, na bei itaanguka. Wako wanaosema achaneni na mafuta, dunia imehamia jua na upepo. Kila kambi inaahidi kwamba kistari kitaondoka. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba kisima cha Turkana hakitakiondoa, na kwamba jua na upepo peke yake havitakiondoa vilevile, mpaka tupunguze kile kilicho nyuma ya ile 1,070 ya kijana huyu: lita tano kwa siku. Bei ya lita hatuishiki sisi. Idadi ya lita tunaweza kuishika.

Nianze na bei. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za nishati, hutangaza, na usiku huohuo namba za kwenye vituo hubadilika. Wengi tunadhani pale kuna mtu anayekaa akaamua. Kwa kweli ni hesabu. Wanachukua bei ya mzigo ulioshuka Mombasa, wanaigeuza kutoka dola kuwa shilingi, wanaweka gharama ya kuhifadhi na kusafirisha, faida ya muuzaji, halafu kodi. Bei ya mzigo ikipanda kule Ghuba, tunakonunua, tunapanda nayo. Shilingi yetu ikidhoofika, tunapanda hata kama mafuta yametulia. Mnakumbuka Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Miezi michache baadaye ilirudi kwenye 130, na petroli ikateremka. Hakuna aliyechimba kisima chochote katikati hapo.

Kisha kodi. Ushuru wa bidhaa kwa lita ya petroli ni shilingi 21.95. Tozo ya barabara ilikuwa 18, Julai 2024 ikawa 25. Tozo ya maendeleo ya petroli ni 5.40. VAT ilikuwa asilimia 8, ikawa 16 kuanzia Julai 2023, na si bahati mbaya kwamba ndio mwaka tulioruka 200. Ukijumlisha hizo na nyingine ndogondogo, sehemu kubwa sana ya kila lita inakwenda hazina. Sisemi serikali isitoze. Barabara ya Magongo haijengwi kwa dua. Nasema anayekuambia mafuta ya nyumbani yatakuwa rahisi akuambie kwanza ni tozo ipi ataifuta siku hiyo.

Na kuna tozo moja inayoniuma zaidi ya zote, nayo hainihusu kama mtu wa magari. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa shilingi 18 kwa kila lita ili kuwazuia watu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema, maana uchanganyaji ule uliua injini nyingi, na mimi nimezifungua kwa mikono yangu. Lakini mama anayekaanga viazi karai pale steji hakuchanganya chochote. Ana stovu moja. Oktoba hiyohiyo 2023 mafuta ya taa yalifika 205 Nairobi, karibu sawa na dizeli. Ndipo nilipomwona ameanza kukaanga kwa vipande vya mbao za makreti, zile zenye rangi, moshi wake mweusi unaingia kwenye viazi tunavyokula.

Sasa tuje Turkana.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa rifaineri hapa Changamwe. Waliozaliwa baada yangu wanaiona kama matangi tu na ua wenye kutu. Sisi tuliuona mwenge wake ukiwaka usiku, mpaka ng'ambo ya Port Reitz. Ilianza kazi 1963. Mafuta ghafi yaliingia upande mmoja, upande wa pili yakatoka petroli, dizeli, mafuta ya taa, gesi na mafuta mazito. Ilizimwa Septemba 2013. Mitambo ilikuwa imechoka na ya kizamani, na lita iliyosafishwa hapa ilikuwa ghali kuliko lita iliyokuja na meli ikiwa tayari. Tangu hapo Kenya haisafishi hata debe moja. Kila tone mnalotia kwenye tangi limeshasafishwa nchi nyingine.

Machi 2012, wakati mwenge ule bado unawaka, Rais Kibaki alilitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana Turkana, kisima kinaitwa Ngamia-1, kampuni ni Tullow. Nakumbuka jioni ile. Watu walipiga vigelegele mtaani kwetu kana kwamba kuna harusi. Baba, ambaye alikuwa ameshastaafu, hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Ni mafuta ya namna gani?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mafuta yana namna.

Jibu lilikuja baadaye. Mafuta ya bonde la Lokichar ni mafuta ya nta. Mama zangu hapa mnajua mafuta ya nazi yanavyofanya asubuhi ya Julai, kusi ikivuma: unaikuta chupa imeganda nyeupe, mpaka uiweke juani au kwenye maji moto ndipo yamiminike. Mafuta ya Turkana ni hivyo hivyo, ila yanaganda hata kwenye joto ambalo wewe unavua shati. Ili yasafiri, bomba lake lazima lipashwe moto njia nzima, na njia iliyopangwa ni kutoka Lokichar mpaka Lamu, zaidi ya kilomita 800. Majirani zetu Uganda wana mafuta ya tabia hiyohiyo. Mwaka 2016 walichagua kuyapitisha Tanzania hadi Tanga, bomba la kilomita 1,443, nalo ni la kupashwa moto. Kabla ya hapo ilitarajiwa tungegawana nao gharama za bomba moja. Walipokwenda Tanga, Turkana ikabaki peke yake na mzigo wake.

Juni 2018 malori yalianza kuyaleta hapa Changamwe kwenye matangi maalumu ya kutunza joto. Hata mwezi haukuisha, wananchi wa Turkana wakayafungia njia wakidai usalama na haki yao, na magurudumu hayakuzunguka tena mpaka Agosti. Agosti 2019 meli ikaondoka Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000, thamani yake dola milioni 12 hivi. Ndugu zangu, yafikirini yale malori. Yametoka Lokichar, yamepita kwenye barabara zetu, yamemwaga mzigo kwenye matangi ya rifaineri iliyozimwa, na meli ikauchukua ukaenda kuuzwa nje. Wiki hiyohiyo meli nyingine ilikuwa ikishusha petroli kwenye gati ya Kipevu. Bei ya kituo cha mafuta pale Mikindani haikutikisika hata senti.

Na hivyo ndivyo itakavyokuwa hata yakichimbwa kwa wingi. Mafuta ghafi yatauzwa kwa bei ya dunia, kwa dola, kwa anayelipa vizuri. Petroli tutanunua kwa bei ya dunia, kwa dola. Tazameni Nigeria. Wamechimba mafuta tangu miaka ya hamsini, na kwa miongo mingi waliagiza petroli kutoka nje huku rifaineri zao zimelala. Bei iliyokuwa nafuu ilikuwa nafuu kwa sababu serikali ililipa tofauti. Mwisho wa Mei 2023 ruzuku ilipoondolewa, petroli ilipanda zaidi ya mara mbili ndani ya siku chache, katika nchi ambayo inaelea juu ya mafuta.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi mafuta ya Turkana yaachwe ardhini. Mwaka 2025 Tullow ilijiondoa na kuuza sehemu yake kwa Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120, baada ya miaka mingi ya ahadi, na kama wenye mradi mpya wataweza kuyatoa kwa faida, Sheria ya Petroli ya 2019 inasema katika fungu la serikali kaunti ipate asilimia 20 na jamii inayoishi pale asilimia 5. Mturkana anayetembea nusu siku kutafuta maji ana haki ya kuidai hiyo asilimia 5 mpaka shilingi ya mwisho. Hiyo ndiyo hoja ya kweli ya kuchimba: mapato, na haki ya wenye ardhi. Hoja ya kushusha bei ya petroli waichukue wanasiasa warudi nayo walikoitoa.

Sasa kambi ya pili, na nina ukali kwao pia, ingawa ndiyo ninayoelekea.

Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo ya upepo 365. Uwezo wake ni megawati 310. Ilikamilika 2017. Ikasimama. Upepo unavuma, mapanga yapo, na stima haitoki, kwa kuwa laini ya kuibeba mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Ilikuja kuisha Septemba 2018, na fidia ya kuchelewa ikalipwa na sisi. Halafu Oktoba 2021 mahakama kule Meru ikasema hatimiliki za ardhi ile zilipatikana bila kufuata sheria, baada ya wafugaji wa Marsabit kulalamika kwa miaka. Olkaria nako, kunakochimbwa mvuke wa ardhini wa kuzalisha stima, Wamaasai walihamishwa 2014 ili visima vya mvuke viongezwe, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Kwa hiyo anayeniambia nishati ya upepo na mvuke ni safi, namkubalia kwa upande wa moshi. Mfugaji aliyeamka akakuta malisho yake yana hati ya mtu mwingine hajali kama kilichomfukuza ni kisima cha mafuta au pangaboi.

Lakini katika haya yote kuna jambo ambalo Kenya inalo na nchi nyingi hazina. Tangu 1981, pale Olkaria, chini ya bonde la Naivasha, tunachimba mvuke. Mashine ya kwanza ilikuwa ya megawati 15. Leo jotoardhi inatoa kiasi cha sehemu nne hivi kati ya kumi za stima yetu yote, na ukiongeza maji, upepo na jua, takriban sehemu tisa kati ya kumi ya stima ya Kenya haitokani na kuchoma mafuta. Sehemu inayobaki ndiyo ile mitambo ya Kipevu na wenzake, inayozalisha stima kwa kuchoma mafuta. Ukinunua tokeni ya stima, tazama risiti vizuri: kuna mstari wa gharama ya mafuta. Hapo ndipo mafuta yanapokufuata mpaka kwenye taa ya sebuleni.

Mvuke haulali. Kisima cha Olkaria kinapumua saa nane za usiku kama kinavyopumua saa mbili za jioni. Sisi ndio tunaolala. Jioni, kuanzia magharibi mpaka saa nne, kila nyumba inawasha, mfumo unazidiwa, tunanunua mpaka stima ya Ethiopia. Baada ya hapo matumizi yanaporomoka, na kuna nyakati mvuke hulazimika kuachiwa utoke hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Nishati imechimbwa kwa pesa zetu, imepandishwa kutoka kilomita mbili, tatu chini ya ardhi, ikatolewa ikawa ukungu juu ya Naivasha. Na saa hiyohiyo tuktuk zote za Changamwe zimeegeshwa, zimelala, zikisubiri alfajiri ziende kupanga foleni kwenye pampu.

Nilipolielewa hilo sikupata usingizi.

Ndipo mimi na wanafunzi wanne tukachukua tuktuk iliyokufa injini. Tulitoa injini, tangi, ekzosi, tukafunga mota nyuma na betri chini ya kiti cha abiria. Ilituchukua miezi mitano, na nawaambieni ukweli, mara mbili ilizima njiani, mara moja ikiwa na mama mjamzito anayekwenda kliniki, tukaisukuma mpaka mlangoni. Tatizo lilikuwa unyevu wa chumvi kwenye viungio vya nyaya. Hewa ya bahari inakula kila kitu. Tulivifunika upya kwa grisi na mpira, na tangu hapo haijazima. Tuliifungia mita ndogo ya peke yake. Kwa mwendo wa siku nzima, ule ule ambao kijana wa daftari anauendea kwa lita tano, inakula yuniti kumi, wakati mwingine kumi na moja kama kuna kilima cha Magongo mara nyingi na abiria wamejaa. Kwa tokeni ya nyumbani hiyo haifiki shilingi 350. Pale ambapo daftari lilisema 1,070, lingesema 350. Zile Jumatano na Alhamisi zisingekuwa na kistari.

Najua mnachotaka kuuliza, kwa sababu mzee mmoja ameshainua mkono mara mbili. Betri bei gani? Ni ghali. Ile yetu ilitugharimu kuliko injini mpya. Kijana anayempelekea tajiri elfu moja kila jioni hana pa kuitoa, na tajiri naye hana haraka, kwa sababu mafuta hayalipi yeye. Hapo ndipo mambo yamekwama, na hapo ndipo chama chenu kinapaswa kuingia. Sako inayokopesha kununua tuktuk ya petroli inaweza kukopesha betri, ikarudishiwa kutoka kwenye ile tofauti ya shilingi mia saba kwa siku. Kaeni na hesabu hiyo, msinitegemee mimi.

La pili ni mita. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei ya peke yake ya kuchajia vyombo vya usafiri, takriban shilingi 16 kwa yuniti kabla ya kodi, na nusu ya hiyo saa za usiku mahitaji yanaposhuka. Ndiyo bei inayofuata mvuke wa Olkaria. Lakini ili uipate lazima uwe na mita iliyotengwa kwa kazi hiyo. Huwezi kuipata kwenye chumba cha kupanga chenye mita moja ya nyumba nane. Kwa hiyo nani ananufaika nayo? Mwenye yadi, mwenye mabasi. Dereva mmojammoja wa Changamwe yuko nje ya hesabu. Pale nyuma ya steji kuna kiwanja kilichokaa na mabaki ya vyuma kwa miaka. Tuktuk thelathini zinaweza kulala pale chini ya taa na mlinzi, zikachajiwa kuanzia saa sita hadi alfajiri kwa mita moja ya chama. Hilo ndilo ombi ninalotaka tupeleke kaunti, kwa maandishi, na majina yetu.

Na transfoma. Stima ya hapa mnajua inavyopotea. Kabla ya kuchomeka tuktuk thelathini, transfoma ya mtaa iongezwe, la sivyo tutawaunguzia watu friji zao na watatufukuza, na watakuwa na haki.

Wavuvi, sijawasahau. Kwenu sina jibu zuri kama la tuktuk, na sitawadanganya. Betri na maji ya chumvi na mawimbi ya kusi ni jambo jingine, na mtu akizimikiwa nje ya mwamba hakuna wa kumsukuma mpaka mlangoni. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Likoni kwa mzee ninayemfahamu tangu utotoni. Nilimkuta anapima petroli kwenye kibuyu cha plastiki kilichokatwa, amekichora alama kwa msumari: kwenda, na akiba. Nikamuuliza alama ya kurudi iko wapi. Akanionyesha mlingoti. Anakwenda kwa mashine, na upepo ukiwa mwema anarudi kwa tanga, kama baba yake. Amelishona upya mwenyewe, kwa turubai la lori. Lita alizozipunguza ni nusu, na hakungoja tarehe 14.

Nimesema ya kutosha, na jua linakwenda. Ile tuktuk yetu iko hapo nje, ya buluu, karibu na mwembe. Ilitoka chuoni leo asubuhi na imezunguka kutwa, na namba ya mita ya asubuhi nimeiandika nyuma ya daftari hili: 412. Njooni tukaisome pamoja ya sasa. Mzee uliyeinua mkono, tangulia, wewe ndiye utakayeisoma kwa sauti.